Maziwa Hayafiki Mapafuni

Karibu kila karakana ya vyuma niliyowahi kuingia Dar es Salaam ina sheria moja ambayo haijabandikwa ukutani: jioni fundi anywe maziwa. Bosi mwenye roho nzuri huyanunua mwenyewe, pakiti moja kwa kila mtu. Kwingine yanaingia kabisa kwenye mapatano ya kibarua: hela ya siku, chakula cha mchana na maziwa. Yanakata sumu, wanasema. Yanakata moshi wa kuchomelea, vumbi la grainda, rangi ya kupuliza, saruji, chochote kile. Baba yangu mdogo aliyanywa kwa zaidi ya miaka 20, na sasa hawezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama katikati apumue.

Nayaandikia maziwa makala nzima kwa sababu yameshika nafasi ya vitu vingine: feni ya kunyonya moshi, barakoa inayofaa, kipimo cha mapafu. Mwenye karakana akishayatoa anaona amewajali vijana wake. Vijana wakishayanywa wanaona wamejikinga. Kesho yake kazi inaendelea palepale, ndani ya moshi uleule.

Mwili una njia mbili. Kinachonywewa kinashuka tumboni. Kinachovutwa puani kinashuka kwenye njia ya hewa, inayogawanyika na kugawanyika tena mpaka kwenye vifuko vidogo mno ambako hewa hukutana na damu. Hakuna tone la maziwa linalofika huko. Chembe kubwa za vumbi, za zaidi ya maikroni 10 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hunasa puani na kooni, tukazitema au kuzimeza. Ndiyo maana kamasi la fundi huwa jeusi jioni. Mafundi wengi hupima usalama wao kwa kamasi hilo: likishakuwa jeupe baada ya kuoga na kunywa maziwa, wanasema kifua kimesafishika. Lakini kinachoonekana kwenye leso ni kile kilichonaswa tu. Moto wa kuchomelea hugeuza metali kuwa mvuke, na mvuke huo ukipoa hewani huwa chembe za chini ya maikroni 1, wakati unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho hupita puani na kooni bila kunaswa na kwenda moja kwa moja hadi kwenye vifuko.

Nilimweleza baba mdogo haya siku moja tukiwa tumekaa barazani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nililiheshimu sana: "Sasa mwanangu, mbona mimi nikichomelea mabomba ya zinki nikapatwa na homa, nikinywa maziwa nikalala, asubuhi naamka mzima?"

Ni kweli, aliamka mzima. Na ni kweli kwamba maelfu ya mafundi wameona jambo hilohilo, kwa hiyo asije mtu akawacheka. Kinachowapata kinajulikana: ni homa ya moshi wa metali. Bomba au bati lililopakwa zinki likichomwa, zinki hutoka kama moshi mweupe. Fundi akiuvuta, saa chache baadaye, mara nyingi jioni akiwa nyumbani, anasikia ladha ya chuma mdomoni, koo kukauka, baridi, mwili kuuma, kifua kubana. Anadhani malaria imempanda. Homa hii huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Fundi aliyekunywa maziwa hupona, aliyekunywa chai hupona, na aliyelala bila kunywa chochote hupona. Maziwa yalisifiwa kwa kazi ambayo mwili ulikuwa ukiifanya wenyewe.

Kuna jambo jingine katika homa hii linalowapotosha watu zaidi. Fundi akiuvuta moshi wa zinki siku baada ya siku, mwili unazoea na homa inapungua. Akipumzika mwisho wa wiki, mazoea yale yanapotea, na Jumatatu homa inarudi kwa nguvu. Ndiyo sababu wafanyakazi wa viwanda vya shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, huko Ulaya waliita hali hii homa ya Jumatatu. Fundi wetu naye huona kwamba siku za katikati ya wiki, ambazo alikunywa maziwa mfululizo, hakuugua. Ushahidi wote anaouona kwa macho unamwambia maziwa yanafanya kazi. Ningekuwa mimi ningeamini vilevile.

Shida ni kwamba homa ya zinki ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Inakuja kwa kishindo na kuondoka. Magonjwa mazito ya vumbi la metali hayana kishindo. Mtu anaanza kukohoa kikohozi kikavu, anasema ni vumbi la barabarani. Anachoka mapema, anasema ni uzee. Mpaka anapoanza kuhema akifunga viatu, miaka imeshapita.

Niseme kwanza kwa haki kwamba si kila vumbi la chuma lina ukali uleule. Mwaka 1936 madaktari wawili wa Uingereza, Doig na McLaughlin, walieleza picha za eksirei za wachomeleaji zilizojaa madoa madogo mapafu yote, lakini wenye mapafu hayo walikuwa wakitembea na kufanya kazi kama kawaida. Ilikuwa ni vumbi la chuma chenyewe, limelala mapafuni bila kuchimba. Mwaka 1948 waliandika tena kwamba madoa yale yanaweza kufutika mtu akiacha kazi hiyo. Habari hiyo hunipa faraja kidogo kila ninapofikiria vijana wanaoanza: mapafu yanajua kujisafisha, ilimradi yapewe nafasi na kilichoingia kisiwe kikali mno.

Lakini karakana zetu hazina vumbi la chuma tupu. Elektrodi ya kuchomelea ina manganizi. Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu tunachotengenezea mageti ya kung'aa na masinki ya hoteli, kina kromi na nikeli. Geti la zamani linalokuja kukarabatiwa lina rangi, na rangi nyingi za zamani huwa na madini ya risasi. Fundi akilikata kwa grainda anavuta vyote kwa pamoja, pamoja na unga wa jiwe lenyewe la kukatia. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, walikutana Lyon na kuuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani waliyoitaja ni ya mapafu. Kabla ya hapo, tangu 1989, moshi huo ulikuwa katika kundi la vinavyoshukiwa tu. Mwaka 2019 wakaguzi wa usalama kazini wa Uingereza wakabadilisha msimamo wao: hata kwa chuma cha kawaida, hata nje kwenye upepo, mchomeleaji lazima akingwe. Mafundi wetu hupenda kusema, "Sisi tuko nje, upepo unapeperusha." Upepo unapeperusha kweli, ila mchomeleaji huinamia kazi yake, na moshi hupanda usoni kwake kwanza kabla haujakutana na huo upepo.

Uchomeleaji huleta pia hatari ya nimonia, na hili sijawahi kulisikia likisemwa katika karakana yoyote hapa. Wachomeleaji hupata nimonia ya bakteria ya pnyumokokasi kuliko watu wa kazi nyingine, na huwa kali zaidi. Uingereza inapendekeza wachanjwe.

Baba mdogo hakuishia kwenye kuchomelea. Miaka yake ya mwisho ya kazi alihamia kwenye karakana ya kunoa misumeno ya mbao na keekee. Alifurahi, maana hakukuwa na moshi. Jiwe linazunguka, maji ya kupoozea yanatiririka, na meno ya msumeno yanatoka makali. Aliona amepumzisha kifua. Huko ndiko ninakoamini alikoumia zaidi, na daktari aliyempima mwishoni anaamini hivyo pia.

Meno ya misumeno ile si chuma cha kawaida. Ni metali ngumu: unga wa tangsteni na kaboni uliogandishwa kwa metali iitwayo kobalti. Wajerumani waliipata miaka ya 1920, na kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza kwa jina la Widia, ikabadilisha viwanda vya dunia nzima kwa sababu inakata vyuma vingine bila kupoteza makali. Kufikia 1940, hukohuko Ujerumani, madaktari walishaanza kuona mapafu yaliyoharibika kwa waliokuwa wakiitengeneza. Mwenye kuumiza zaidi ni kobalti. Katika ugonjwa wa metali ngumu, seli za ulinzi za mapafu huungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi, zinazomeza hata seli nyingine za mwili wenyewe. Baadaye kovu linachukua nafasi ya vifuko vya hewa, na kovu halipumui.

Na yale maji ya kupoozea? Yanazuia vumbi lisitimke, kweli. Lakini kobalti huyeyuka ndani ya maji ya namna hiyo, maji yanazungushwa tena na tena, na jiwe linaporusha ukungu wake fundi anauvuta. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Yule mtu alikuwa akirudi nyumbani nguo zimelowa, anatuambia huko hakuna vumbi kabisa.

Tofauti na vumbi la makaa ya mawe au la mchanga, ambako mara nyingi ugonjwa hufuata wingi wa miaka, ugonjwa wa metali ngumu huchagua. Watu kumi wanaweza kufanya kazi meza moja, akaumwa mmoja tu, na huenda akaumwa baada ya miaka michache. Hapo ndipo mwenye karakana husema: mbona wengine wazima, huyu ni sigara au ana lake. Baba mdogo hakuwahi kuvuta sigara. Aliambiwa hivyo hivyo.

Ubelgiji ndiko ilikobainika wazi kwamba kobalti peke yake inatosha. Katika miaka ya 1980 madaktari huko waliwaona wang'arishaji wa almasi wenye ugonjwa uleule, wakati hawakugusa tangsteni. Walikuwa wakitumia visahani vya kusugulia vyenye almasi na kobalti. Nikiwaza habari ya kobalti akili inakwenda Kongo, kwa ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa upande ule. Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walianza kuchimba madini katikati ya nyumba zao. Utafiti uliochapishwa 2018 ulipima mkojo wa wakazi na kukuta kobalti nyingi, na kwa watoto zaidi kuliko watu wazima. Watoto hao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakiishi kwenye vumbi tu.

Vumbi la kazini halibaki kazini, na ushahidi wa hilo ni wa zamani. Mwaka 1946 daktari wa Marekani aitwaye Harriet Hardy alieleza ugonjwa wa mapafu wa wafanyakazi, wengi wao wasichana, wa kiwanda cha taa za mirija huko Salem, Massachusetts. Chanzo kilikuwa berili, metali nyepesi iliyokuwa kwenye unga wa ndani ya taa. Miaka michache baadaye, Lorain, Ohio, ugonjwa huohuo ukaonekana kwa watu walioishi jirani na kiwanda cha berili bila kuingia ndani yake hata siku moja, na kwa mtu aliyeupata kwa kufua nguo za kazi. Mama mdogo amefua maovaroli ya mume wake kwa mikono miaka yote ya ndoa yao, akianza kwa kuyakung'uta kwanza uani ili yasichafue maji. Nikamwomba asiyakung'ute tena, ayaloweke hivyo hivyo. Na kule kazini wana tabia mbaya kuliko hiyo: kujipuliza kwa kompresa kabla ya kwenda nyumbani. Kijana anasimama, mwenzake anampuliza toka mabegani hadi miguuni, na wingu lote lile linaingia kwenye vichwa vyao wote wawili.

Safari ya hospitali ilianza kwa kikohozi. Katika kituo cha kwanza walimpima makohozi, hawakuona vijidudu vya kifua kikuu, lakini eksirei ilikuwa na madoa, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Akazimeza miezi 6 yote kwa utiifu. Kikohozi hakikuondoka. Sisemi walikosea kufikiria kifua kikuu. Nchi yetu inacho kingi, na vumbi la mchanga hasa, kama la wanaopiga chuma kwa mchanga kukisafisha au wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani, humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu, kwa hiyo kukitafuta ni lazima. Kinachoniuma ni kwamba katika miezi yote hiyo hakuna aliyeandika kwenye faili lake zaidi ya neno "fundi". Fundi wa nini? Cherehani? Umeme? Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena, aliwaasa wenzake mwaka 1700 waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani?

Swali hilo aliulizwa hatimaye na daktari kijana wa hospitali nyingine, na aliuliza kwa kina. Metali gani? Unakata au unanoa? Ndani au nje? Ulikuwa ukipata nafuu ukiwa likizo? Baba mdogo akakumbuka kwamba alipokwenda kijijini kwenye msiba wa bibi na kukaa huko, kikohozi kilipungua, kikarudi aliporudi kwenye jiwe. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza jambo hilo kabla. Akapuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, akapigwa picha ya CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mapafu kwa undani, na tukaambiwa kuhusu makovu. Ushauri wa kwanza, kabla ya dawa yoyote, ulikuwa asilisogelee tena lile jiwe. Katika ugonjwa wa kobalti kuacha mapema kunaweza kurudisha mapafu, au angalau kusimamisha uharibifu. Kwake makovu yalishaganda. Hayaongezeki kwa kasi ya zamani, nashukuru.

Tanzania Bara, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri awapime afya wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha mfuko unaolipa hata ugonjwa uliotokana na kazi, si ajali peke yake. Wakenya wana sheria zao za 2007 za namna hiyohiyo. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa 2010, inalitaja vumbi la metali ngumu waziwazi. Lakini yote hayo yanamtaka mtu awe na mwajiri anayemtambua. Baba mdogo alilipwa mkononi kila Jumamosi. Hakuna mkataba, hakuna jina lake kwenye orodha yoyote, na karakana yenyewe ilishahama. Alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba alifanya kazi pale ni mashahidi na kifua chake.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya walio kazini sasa hivi. Kinga ya kweli si ghali kama inavyosemwa. Kwangua au piga msasa sehemu yenye zinki au rangi kabla ya kuichomelea, ukiwa umevaa barakoa. Kaa upande ambao moshi haukujii usoni, na kichwa kisiwe juu ya moto. Feni iwekwe ivute moshi kutoka kwenye kazi, si ipulize kutoka nyuma ya fundi ikauzungushe ndani. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizi; inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la N95 au FFP2 kwenda juu, inayobana vizuri usoni. Maji ya kunolea yabadilishwe, na jiwe lifunikwe. Kompresa ni ya kazi, si ya nguo. Hela ya maziwa ya vijana watano kwa mwezi mmoja inanunua barakoa nyingi, na mwenye karakana anaweza kulipiga hesabu hilo mwenyewe kwa bei za dukani kwake.

Ukiwa na kikohozi kisichoisha na kazi yako ni vyuma, usiende hospitali na neno "fundi" tu. Andika kwenye karatasi miaka uliyofanya, karakana zote, na kazi gani hasa: kuchomelea, kukata, kunoa, kupiga rangi. Boksi la elektrodi lina lebo. Ipige picha kwa simu. Msumeno au keekee unayonoa ina alama ya mtengenezaji. Ipige picha pia. Andika kama unapata nafuu ukiwa mapumzikoni. Omba mwenzako mmoja aweke jina na saini kwamba mlifanya kazi pamoja, na umwombe sasa, wakati karakana bado ipo. Karatasi hiyo mpe daktari hata kama hajakuuliza, na nakala yake iache nyumbani.